Fyuzi ya Kuazima

Betri ilikuwa imeshushwa chini, juu ya kipande cha ubao, na bado honi ililia.

Ililia mara moja, fupi, kama mtu anayeomba kupishwa. Antipasi, fundi umeme wa magari pale Misigiri, alikuwa amepiga magoti akisugua vichwa vya betri hiyohiyo. Akainua macho kuitazama pikapu ya bluu ya Mzee Leonidas. Ndani hamkuwa na mtu. Jua la saa tisa lilikuwa kali, lakini jasho lake lilipoa mgongoni.

"Umesikia?" akamwuliza mkewe.

"Nimesikia," Dorika alijibu kwa sauti ya chini, ungo wa mtama mapajani. "Na jana pia. Nilidhani ni wewe."

Fundi yeyote wa kule anajua kuazima fyuzi. Gari kuukuu likikosa moja, unang'oa ya kitu kisicho na haraka, unaichomeka penye haraka, na maisha yanaendelea. Mzee Leonidas alikuwa amekuja redio ya pikapu yake imekufa, naye alitaka kusikiliza matangazo ya vifo, maana ndugu zake wametapakaa hadi Kintinku. Fyuzi ya redio ilikuwa imeungua na Antipasi hakuwa na nyingine. Akang'oa ya honi. Hakumwambia mzee. Alijisemea kimoyomoyo: honi ataipigia nani, ng'ombe wa huku hawapishi hata kwa fimbo. Nitairudisha nikipata.

Siku ya tatu, kwenye kona ya korongoni, mama mmoja, Scholastika, alikuwa akitembea na gunia la alizeti kichwani, mgongo ameupa gari, upepo ukivuma masikioni. Mzee akabonyeza honi. Akabonyeza tena. Breki zilipokuja kushika, mama wa watu alikuwa amekwisha kugongwa na kufa, na alizeti zimemwagika barabara nzima.

Kituo cha polisi hakina uwanja, hivyo pikapu ikavutwa hadi gereji ya Antipasi kumsubiri mkaguzi. Jioni ile fundi akatafuta fyuzi nyingine, akaingiza mkono chini ya dashibodi, akaichomeka kwenye tundu la honi. Kesho yake mkaguzi alibonyeza, honi ikaitika vizuri. Ikaandikwa kwamba Mzee Leonidas ni mwongo, hakupiga honi. Mzee wa kanisa, miaka sabini na moja, akapelekwa mahabusu huku akirudia, "Nilibonyeza, wanangu. Nilibonyeza." Antipasi alisimama palepale na bisibisi yake mkononi, akanyamaza. Aibu ile haikumtoka tena.

Sasa honi ilikuwa ikilia bila betri. Akaing'oa fyuzi, akaitia mfukoni. Siku iliyofuata, saa tisa ileile, harufu ya waya unaoungua ikaanza kutoka chini ya dashibodi, ikachanganyika na harufu ya alizeti mbichi, na kabla hajasimama vizuri honi ikaanza, si fupi tena bali ndefu, ikalia na kulia, kuku wakatawanyika, Dorika akaacha ungo akakimbilia ndani, na usukani ukawa unabonyea katikati, polepole, kama unaobonyezwa na kiganja ambacho hakionekani, kikiachia na kubonyeza tena, kwa subira ya mtu anayejua kwamba mwenye nyumba anasikia.

Antipasi akamfuata mganga, Bi Sikudhani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe hicho ulichokificha mfukoni."

Hakuchoma ubani wala hakutikisa chochote. Aliigeuza fyuzi kiganjani. Antipasi akamweleza yote.

"Marehemu amelala, usimsingizie," bibi akanong'ona. "Huyu ni jini wa kona ile. Jini hukaa palipo tupu. Ulipoacha tundu tupu siku tatu, akaketi."

"Lakini nilirudisha, mama."

"Ulirudisha fyuzi. Neno la mzee wa watu umelirudisha?" Akamkabidhi kile kidude. "Jini naye anajua kuazima, mwanangu. Nenda leo ukaseme, ungali na sauti."

Leo ikawa kesho, kesho ikawa keshokutwa. Aliogopa jela, aliogopa macho ya watoto wa Scholastika. Kesi ilikuwa Jumatatu. Jumatatu asubuhi ndipo alipoingia kituoni, akasimama mbele ya afande, akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni. Nje honi ikalia.

"Nani anapiga honi hapo?" afande akauliza.

Askari akatoka, akarudi. "Hakuna gari, afande."

Antipasi akaiweka fyuzi mezani. Akavuta kalamu na karatasi, akaandika yote huku machozi yakidondoka, hadi sahihi.

Mzee Leonidas aliachiwa, naye Antipasi akapewa dhamana akisubiri kesi yake. Wiki ile mzee aliipeleka pikapu kwa mwanawe, kisha akaja gereji kwa miguu, amekonda, akaketi kwenye tairi.

"Ungeniambia tu, kijana wangu," alisema. "Nisingekasirika."

Antipasi alipiga magoti. Alitaka kusema nisamehe, neno moja tu, hakuna alilolitaka zaidi ya hilo. Akafungua kinywa. Kwenye gereji tupu, mahali pikapu iliposimama, honi ikalia, ndefu.

Mzee aliisikiliza mpaka ikakoma.

"Hiyo," akasema, "ndiyo niliyoitaka siku ile."