Mifuko Isiyocheza Kwenye Taa

Jumapili alasiri, hospitalini, kitanda cha mpwa wake kilitandikwa upya kabla godoro halijapoa. Mjomba, askari mstaafu, alisimama mlangoni. Mkono mmoja kandambili za marehemu, mwingine umemshika mtoto aliyeachwa. Mpwa alikuwa ametundikiwa mifuko miwili ya chembe za kugandisha damu, zile za manjano, lakini damu haikukatika.

Kufikia Jumatano lawama zilishampata mwenyewe: fundi wa maabara, anayeendesha mashine ya mwanga wa kuua vijidudu mifukoni. Eti aliziunguza chembe. Ijumaa angefukuzwa kazi. Mjomba akaomba aulize maswali yake kwanza. Hakutaka mpwa wake alale kaburini na uongo.

Fundi alimletea mfuko uliobaki stoo, pamoja na pacha wake: mchangiaji yuleyule, mwanga uleule, ila huo ulikuwa umehifadhiwa wodi ya juu, yenye meza yake ya kutikisa mifuko.

“Inua kwenye taa, mzee, uubinye taratibu. Chembe zikiwa hai hucheza kama moshi.”

Wa wodini ulicheza. Wa stoo ulitulia kama maji ya mtungi, na vipimo havikuonyesha kijidudu hata kimoja. Basi mwanga haukuwa na kosa. Mjomba akageukia stoo, kwenye meza ya huko, isiyotakiwa kupumzika, maana chembe zikitulia hukosa hewa.

Mwenye stoo, mama wa macho mekundu waliyemwita Bi Funguo, aliapa kwamba meza haikuzimwa hata kidogo. Alishinda humo peke yake tangu Ijumaa. Hata simu ya ukumbini ilipolia Jumapili, wodi ikitaka mifuko, aliinuka mlio wa kwanza.

Kesho yake mjomba alirudi akasimama naye kando ya meza. Ilikuwa ikigonga kama cherehani bovu. Hawakusikia kingine mpaka fundi akafungua mlango: ameshapiga simu ile ya ukumbini mara tatu kutoka wodini, mbona hawapokei?

Mjomba akamgeukia Bi Funguo.

“Dada, Jumapili uliisikiaje?”

Mama akajishusha kwenye kiti. Akaeleza taratibu: mama yake nyumbani amepooza, usiku kucha ni kumgeuza, na hii ilikuwa wikiendi ya tatu bila wa kumpokea zamu. Aliizima meza Ijumaa apate kulala, akaja kuiwasha Jumapili baada ya simu kulia. Tangu mashine ya mwanga ije, kila mtu alisema mifuko ni salama, hata kuiinua kwenye taa wakaacha.

“Nikajiambia vijidudu vimeshakufa, kitaoza nini? Nilitaka usingizi tu, kaka.”

“Na fundi ukamwacha aangamie?”

“Nikifukuzwa mimi, mama atakula nini?”

Mjomba aliitafuta hasira yake, akaikuta imechoka kuliko yeye.

“Kesho utayasema haya mbele ya mganga mkuu.”

“Nitayasema.”

Akayasema. Aliondolewa kazini, na fundi akabaki na kazi yake. Siku hizi stoo ina watu wawili kila zamu, na hakuna mfuko unaotoka bila kuinuliwa kwenye taa.

Mtoto analala kwa mjomba, upande wa ukutani, asije akaanguka.