Mshipa Gani Uliokatika?

Mbeba makabati mmoja mtaa mzima ulimwita Winchi, kwa nguvu zake. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Asubuhi moja alikuwa akipinda suruali, mara mumewe akaletwa ameshikwa huku na huku, mguu mmoja ukiburuzika.

"Nilikuwa napandisha friji ngazini," alisema Winchi. "Nikasikia pah! kwenye kigimbi. Nikageuka nimtukane aliyenipiga teke. Hakuna mtu!"

Fundi akaitupa suruali mezani. Teke bila mpigaji?

Umbea hauna mlango. Punde chumba kilijaa.

"Mshipa umekatika huo," alisema mmoja.

"Na ukikatika, mguu unakauka kama kuni," akadakia mwingine.

Fundi akashika ukingo wa kitanda. Mume wa kubeba vitu, mguu ukikauka atabeba nini?

Dada wa Winchi akaingia na sufuria ya maji ya moto na chupa ya mafuta. "Wifi, mshike mabega. Nikimkanda sawasawa, mshipa utarudi mahali pake."

"Dada, unanikanda au unaninyonyoa manyoya?" Winchi aliuliza, jasho likimtoka.

"Weka chini hayo maji!" Aliyesema ni jirani wa mlango wa pili, anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. "Mshipa gani uliokatika? Wa damu? Wa fahamu? Ninyi kila kitu mshipa! Kigimbi ni msuli."

Akachomoa nyuzi kwenye cherehani. "Tazameni. Msuli una nyuzi nyembamba sana. Nyuzi nyingi zikifungwa pamoja kwa utando, ni kifungu. Vifungu vingi vikivikwa utando mwingine, ndio msuli. Ukitaka kupanda ngazi, nyuzi zinajivuta, zinakuwa fupi, zinavuta mfupa. Huku mwisho, msuli unaposhika mfupa, ni kano."

"Sasa kimekatika nini?" Fundi aliuliza.

"Huenda ni nyuzi kadhaa. Hizo hupona. Kano ikikatika, hilo ni jambo jingine."

Akamlaza Winchi kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Akabinya kigimbi polepole. Hata wambea walisogea kutazama.

Unyayo ukacheza.

"Kano inavuta," alisema jirani. "Lakini nendeni hospitali leo, wapime vizuri. Msimkande wala kumchoma kwa maji ya moto. Nyuzi zimechanika, damu itazidi kuvuja ndani. Apumzike. Barafu ndani ya kitambaa, kwa muda mfupi. Bandeji isibane sana. Vidole vikifa ganzi, ilegezeni. Mguu ukae juu ya mto. Maumivu yakipungua, nitamfundisha kuunyoosha. Nyuzi zikipona bila kutumika, zinakakamaa."

Hospitalini nako walisema vivyo hivyo. Hata hivyo, kila Winchi alipoguna, Fundi aliacha cherehani akaja kumtazama. Wiki zikapita. Winchi akaanza kutembea chumbani, kisha kusimama kwa ncha za vidole, ameshika ukuta.

Siku ya kurudi kazini, Fundi alimkuta mlangoni akikunja na kunyoosha miguu.

"Unamchezea nani ngoma?"

"Napasha moto misuli, mke wangu. Kabati halibembelezi. Na leo tunabeba wawili."

Fundi akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye kigimbi. Winchi akajiinua kwa vidole. Msuli ukakaza, ukawa mgumu kama jiwe, kisha ukalegea bila maumivu.

"Haya," alisema Fundi, akiinuka. "Nenda."