Niliamini Neno ya Déo, Kazi ya Yaya Ikafutika

Niko na miaka makumi mbili na tatu. Nilikuwa natumika mu secrétariat moya ya Nyawera, pale tulikuwa tunapiga ku machine mémoire, vile vitabu banafunzi banaandika kwa kumaliza masomo, na invitation za ndoa. Ordinatere, ile kompyuta, nilijifunza miye mwenyewe, kwa kuangalia tu. Munisikilize, bandugu, juu roho yangu haitulie...

Disque ya ile machine ilikuwa imekatwa vipande mbili. Kipande C ilijaa, hata barua moya haikuingia tena. Kipande D ilibaki wazi, bure. Patron, mukubwa wetu wa kazi, akasema tuongeze C. Lakini programme yetu haikujua kusogeza mupaka. Inafuta vyote viwili, kiisha inakata upya. Basi kwanza unakopia kila kitu ku disketi.

Mule C mulikuwa mémoire ya Nsimire, yaya yangu, dada mukubwa. Mwaka muzima aliuliza bamaman balimaji ba Nyantende juu ya mihogo yabo. Ilibakia juma moya aitetee mbele ya baprofesa. Na brouillon, ile aliandika na mukono? Vile tuliisha kuipiga, nyumbani balikuwa banaiwashia makala ya kupikia...

Kukopia nilimuachia Déo, mwenzangu wa kazi. Tulikula sahani moya, tulilala kitanda moya. Akaniambia: "Grand, nimeisha kopia. Futa."

Yaya alikuwa amekuja kuangalia kazi yake, akasimama nyuma yangu. "Umefungua disketi, umeona?"

Damu ikanipanda. "Yaya, unamuita Déo muongo? Mutu anachunguza ndugu yake sawa muwizi?"

"Sijamuita kitu. Nauliza disketi."

"Basi chukua machine à écrire, ile ya zamani ya kupiga herufi, upige mwenyewe."

Nikafuta. Nikakata upya. C ikakuwa kubwa, safi... Nikaingiza disketi. Mule mulikuwa jeux, michezo ya ordinatere. Jeux tu! Déo alizikopia apelekee chérie, mupenzi wake wa Kadutu.

Nikamutafuta. Alikuwa ameisha kuingia kwa patron, anasema: "Ni ye alifuta, miye sikugusa." Mutu nilikuwa nikimupigania! Nikamurukia, bakanishika. Patron akanifukuza ile ile siku.

Yaya hakutetea ule mwaka. Sasa anaenda tena Nyantende, anauliza maulizo yale yale. Bamaman banamucheka: "Mwana wetu, kumbe ku masomo banafundisha kusahau?" Anacheka nabo. Miye haniambie kitu, na hiyo ndiyo inanikula roho... Angenitukana, singelala vizuri?

Vijana wenzangu, rafiki akisema "nimeisha kopia", ingiza disketi mbele yake, fungua, soma mupaka mwisho. Akikasirika, akasirike. Hasira ya Déo ingepoa mbele saa ya chakula ya muchana ifike.