Abiria Hewa

Asubuhi za kliniki, basi lilisimama kwenye kituo cha zahanati, naye Cherehani akashuka kwanza ili ampokee bibi yake. Bibi alikwenda kunyooshwa goti. Mjukuu alivuka barabara kwenda shule. Jina la Cherehani alipewa na bibi kwa sababu hata akiketi, mguu wake wa kulia ulikanyaga tu, kama anashona.

Wakati huo mji ulikuwa ukipanga treni ya umeme ipite kwenye njia kuu ya mabasi, na baadhi ya vituo vingefutwa. Darasa la sita liliombwa kusaidia: kila mwanafunzi ahesabu abiria wa kituo kimoja kwa saa moja. Fomu ilikuwa na nafasi mbili, moja ya abiria wote, nyingine ya wanaotembea kwa shida.

Cherehani alihesabu kwa makini. Abiria hamsini na wawili. Kati yao thelathini na mmoja walikuja na mikongojo, bandeji au ujauzito mkubwa. Mwenzake wa dawati alipata mia nne kule sokoni. Nani atasimamisha treni kwa watu hamsini na wawili? Kituo kikifutwa, bibi atashukia sokoni na kupanda kilima hadi zahanati kwa goti lile. Akaangaza macho huku na huku, kisha akaandika tatu mbele ya 52.

Tangu hapo hakutulia. Alianza kula akaacha, akafungua daftari akalifunga.

"Una nini wewe?" bibi alimuuliza. "Leo unashona kwa miguu yote miwili."

"Sina kitu, bibi."

Ijumaa, mhandisi wa reli alikuja darasani, akabandika ramani ukutani. Kituo cha zahanati kilikuwa kimepigwa mstari mwekundu.

"Hiki tumekiunganisha na cha sokoni," alieleza. "Watu mia tatu hamsini na wawili kwa saa wanataka jukwaa refu, na pale hakuna nafasi. Wanaotembea kwa shida ni wachache. Wengi wana miguu mizima, watatembea."

Mguu wa Cherehani ukatulia tuli. Akainuka. "Samahani, mama. Ile tatu ya mbele niliiongeza mimi. Niliogopa bibi yangu atakosa kituo."

Mhandisi aliitazama fomu upya. "Kumbe ni thelathini na mmoja kati ya hamsini na wawili," akasema. "Zaidi ya nusu. Hao hatuwezi kuwapandisha kilima. Na kwa watu hamsini, jukwaa dogo linaenea pale pale. Lakini nitataka hesabu mpya."

Mwalimu alivua miwani yake. "Umeona? Abiria wako hewa waliwasukuma wagonjwa wa kweli nje ya kituo. Ukweli ulitosha kabisa, ila wewe hukuuamini. Jumatatu utahesabu tena, nami nitakuwa kando yako."

Jumatatu wakasimama kituoni, fomu mkononi. Basi lilifika, bibi akashuka polepole, akimwegemea mjukuu wake begani. Habari zote alikwishazisikia.

"Mimi mmoja tu," alimwambia. "Niandike mmoja. Mmoja ananitosha."

Cherehani akaandika mmoja katika kila nafasi.