Miche ya Mwanarehema Chini ya Magunia

Mwanarehema wa Magogoni alirithi mbegu za biringani kwa marehemu mamake. Biringani hizo zilikuwa kubwa mno. Watu husema moja ililazwa kitandani ikafunikwa shuka, mgeni akaingia akaiamkia shikamoo. Huenda wameongeza chumvi, lakini kidogo tu.

Mwaka mmoja panya waliingia jikoni wakala mbegu. Ilibaki konzi moja. Mwanarehema akaisia yote kwenye kitalu uani. Miche hiyo ikifa, mbegu ya mamake imekwisha duniani.

Miche ilichipua vizuri. Jirani yake, Dhahabu, akachungulia uani akaisifu sana. Hakusema mashallah. Mwanarehema akaingiwa na hofu ya kijicho. Dhahabu alipoondoka tu, akatwaa magunia akafunika kitalu chote. Alifunua kidogo wakati wa kumwagilia maji, kisha akafunika tena.

Siku zilivyopita, miche ikarefuka, ikawa myembamba kama uzi. Rangi ilikuwa ya manjano, na mingine ililala chini.

"Dhahabu amenimaliza," alimwambia mumewe, Idarus, mchukuzi wa mizigo bandarini.

Idarus akamuuliza kama jicho la Dhahabu hupenya magunia. Kwa swali hilo, siku hiyo alipakuliwa wali bila mchuzi.

Lakini aliyesikia kilio cha Mwanarehema kupitia ukuta ni Dhahabu huyo huyo. Akaenda kumwita Dishon, bwana shamba, wakaja pamoja wakapiga hodi. Mwanarehema alimkaribisha mgeni vizuri. Kwa Dhahabu, salamu yake ilikuwa ya ncha ya ulimi tu.

Dishon akainua gunia, akachuchumaa, akaitazama miche kwa makini.

"Hakuna ugonjwa hapa, mama. Ni giza."

Akaeleza kwamba mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vinaitwa seli. Ndani ya seli mna protini, na hizo ndizo wafanyakazi. Baadhi yao huamuru jani liwe kijani. Kisha akamgeukia Idarus, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mzee, mzigo ukibandikwa karatasi bandarini, huwaje?"

"Huenda karatasi inakosema," akajibu Idarus.

"Basi mmea nao una vibandiko. Ni protini ndogo mno. Gizani, mmea hudhani bado uko chini ya udongo. Huwabandika wale wafanyakazi wa kijani, nao wakishabandikwa huvunjwavunjwa."

"Na vibandiko navyo huvunjwa?" Mwanarehema akauliza.

"La. Hubanduliwa, vikatumika tena. Mmea si mbadhirifu. Nguvu zake zote huziweka kwenye kurefuka, ukitafuta mwanga. Mwanga ukifika, kule kubandika hupungua. Wafanyakazi hubaki, na jani hugeuka kijani."

Mwanarehema akainamisha kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo aliyeidhuru ni mimi niliyeifunika?"

"Wallahi ulikuwa ukiilinda," akasema Dhahabu. "Tutoe haya magunia."

Dishon akawazuia wasiianike miche juani mara moja, maana ingeungua. Kwanza waliitengenezea kivuli chepesi cha makuti yaliyoachiana nafasi. Kisha wakapunguza makuti kidogo kidogo, na kumwagilia asubuhi. Ile mirefu sana ilikufa. Mifupi ikashika rangi ya kijani, mashina yakanenepa. Ilipopata nguvu wakaihamishia shambani.

Mibiringani ikazaa. Wenye maneno wanasema moja ilibebwa na watu wawili, na wa tatu akisafisha njia. Mwanarehema aliacha chache ziive kabisa, akatoa mbegu na kuzianika. Akafunga nusu kwenye kitambaa, akaenda nazo kwa Dhahabu.

"Nilikudhania ubaya, shoga. Nisamehe. Kama si wewe, leo sina hata moja."

Dhahabu akakifungua kile kitambaa, akashangaa. "Mbegu za mamako, unanipa mimi?"

"Zikae nyumba mbili. Zikipotea kwangu, nitakuja kubisha hapa."

Dhahabu akaingia ndani kutafuta jembe. Alipotoka, Mwanarehema alikuwa amekwisha kupiga magoti pale uani kwa Dhahabu, akichambua udongo wa kitalu kwa vidole na kusema alhamdulillahi.