Kengele ya Shimo la Chini

Mama Pacha alinisimulia haya mchana kweupe, lakini kwanza alifunga mlango. Tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, na sijawahi kumshika kwa uongo.

Kabla ya kuhamia kwetu alikuwa mwendesha winchi kwenye mgodi wa dhahabu. Kazi yake ilikuwa kukaa kitini mbele ya roda kubwa la kamba ya chuma, akishusha na kupandisha kizimba kilichobeba wachimbaji. Alitafutiwa kazi hiyo na kaka yake, mmoja wa wakubwa wa mgodini, na kwa huyo kaka alikuwa haambiwi kitu. Mume wake, mchimbaji kwenye mgodi huo huo, alipotoweka, kaka ndiye aliyekuja nyumbani, akamshika mkono, akamwambia, "Mdogo wangu, jikaze. Shemeji kaonekana anapanda basi na mwanamke."

Mama Pacha alilia mpaka macho yakavimba, kisha hasira ikachukua nafasi ya machozi. Nguo za mume akazigawa. Picha za harusi akazitia jikoni, zikaungua na kuni. Pacha wakakua wakijua kwamba baba yao ni mtu wa hovyo, na mjomba ndiye baba.

Siku zile zile mume alipotoweka, mgodi ulikuwa unakata roho. Mshipa wa dhahabu ulikuwa umepotelea ndani ya mwamba, na redio haikuwa na habari nyingine: mgodi ukifungwa hospitali zitakosa dawa, walimu watakosa mishahara, fedha ya nchi itaporomoka. Halafu ghafla mshipa ukaonekana tena, kwenye shimo la chini kabisa, mnene kama paja la mtu. Nchi nzima ikapumua. Kaka akafanywa meneja.

Siku yenyewe ya kengele, miaka kadhaa baadaye, ilianza vizuri. Wageni wa serikali walikuja kuupongeza mgodi, na wachimbaji wote walipandishwa juu wakapige makofi. Mama Pacha alibaki peke yake chumba cha winchi. Alivua viatu apumzishe miguu, akawa anasikiliza hotuba kwenye vipaza sauti. "Mgodi huu ndio uti wa mgongo wa taifa letu!" Vigelegele.

Kengele ikalia.

Ilitoka shimo la chini. Ulikuwa mlio wa kusema: kuna mtu, pandisha taratibu.

Akampigia simu mtunza taa, ambaye kila mchimbaji huchukua taa kwake akishuka na kuirudisha akipanda. "Nani kabaki chini?"

"Hakuna mtu. Taa zote ziko hapa, zimetundikwa."

Kengele ikalia tena, polepole, kama inavutwa na mtu asiye na haraka yoyote.

Akapandisha. Kamba ikakaza vile inavyokaza kukiwa na mzigo. Kizimba kikafika juu. Hamna mtu. Ila sakafu yake ilikuwa na matope ya kijivu, mabichi, mahali pamoja tu, pale ambapo mtu angesimama.

Simu ya shimoni ikaita.

Akaipokea. Upande wa pili mtu alikuwa anahema.

"Mama Pacha," sauti ikanong'ona. "Kaka yako aliniambia nimsubiri hapa. Mbona anachelewa?"

Sauti aliijua. Alikuwa ameilalia miaka mingi. Kitu cha kwanza kumtoka kilikuwa ile hasira ya zamani. "Si ulipanda basi na mwanamke wako!"

Sauti ikajibu kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Basi gani, mke wangu?"

Simu ikakatika.

Alimtuma mlinzi akamwite kaka. Kaka akaja anacheka, ua la sherehe kifuani. Mama Pacha akamweleza alichokisikia. Kicheko kikamkauka mdomoni. Hakuuliza kama dada yake ameota. Alifunga mlango, akashusha sauti.

"Mganga alitaka mtu," akasema. "Awe wa nyumbani kwangu. Ningefanyaje? Nchi nzima inakula kwa mgodi huu. Hata ile hospitali uliyojifungulia pacha, imejengwa kwa dhahabu ya hapa. Na shemeji si damu yangu."

"Ulimuua vipi?"

"Sikumgusa. Nilimwambia anisubiri. Nikajenga ukuta." Akafuta jasho. "Na wewe hukuuliza chochote. Basi la wapi, mwanamke gani, nani kawaona. Ulinikubalia upesi mno, dada. Mimi mwenyewe nilishangaa."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Kengele ikalia. Kaka akashtuka, akachomoa plaisi ukutani, akakimbilia ndani ya kizimba kuukata waya wa kengele uliopita pembeni mwake kwenda chini. Mlango wa kizimba ukajifunga nyuma yake. Roda likaanza kuzunguka. Mama Pacha hakuwa amegusa kitu.

"Breki!" kaka akapiga kelele. "Dada, vuta breki!"

Breki ilikuwa mbele yake. Kunyoosha mkono tu. Aliitazama. Alimsikia kaka akimwita kwa jina la utotoni. Alimsikia akilia. Alimsikia akiwa mbali. Mkono wake haukutoka mapajani.

Simu ya shimoni ikaita. Hakuipokea. Nje walikuwa wanapiga makofi.

Waliposhuka kumtafuta, kizimba kilikuwa chini, mlango umefungwa, ndani hamna mtu. Ukuta wa saruji haukuwa na hata ufa. Walipoubomoa walimkuta mume wake amekaa, mifupa ndani ya ovaroli, ameegemea mwamba kama mtu anayengoja zamu yake. Kaka hakuonekana. Kampuni ikatangaza ajali, na wachimbaji wakarudi kazini kabla matanga hayajaisha, maana nchi isingeweza kusubiri.

Mama Pacha alimzika mumewe, akachukua watoto wake, akaja kupanga kwetu, mbali na mgodi wowote. Chumba chake kilikuwa kipya, sakafu fundi ameisugua laini kama sinia.

Mwaka jana alihama tena, tukamsaidia kutoa kitanda. Chini yake, kwenye saruji iliyokuwa imekauka siku nyingi, palikuwa na uso wa mtu. Paji, pua, mdomo ulioachama. Ulikuwa umetuna kuja juu, kama mtu aliyesukuma kutokea chini.

Mama Pacha aliinama akautazama. Niliona kwamba anaujua. Hakutuambia ni wa nani.

Nilipapasa kwa kiganja. Sakafu yote ilikuwa baridi. Pale mdomoni palikuwa vuguvugu.