Mguu wa Fundi

Kila siku alipotoka shule, Kibonge hakuwa na haraka ya kuvua sare. Alipitiliza moja kwa moja hadi chumba cha mbele, baba yake alikokaa nyuma ya cherehani, akajibwaga juu ya rundo la vitambaa na kungojea chipsi. Baba alikuwa ameshaziagiza kwa jirani. Zilikuja zimefungwa kwenye karatasi iliyolowa mafuta, pamoja na soda mbili, kubwa ya fundi na ndogo ya binti. Walikula wakichekeshana, kisha Kibonge akajifuta vidole kwa mabaki ya vitambaa ili asichafue magauni ya watu.

Jina la Kibonge alipewa na baba mwenyewe, tena kwa mapenzi. "Mtoto wa fundi lazima anenepe," aliwaambia wateja. "Akikonda, mtasema nimefilisika." Wateja walicheka, nao wakamsifu fundi kwa kitambi chake kilichogusa ukingo wa meza. Mama, aliyekuwa akipiga pasi na kushona vifungo kwenye kona ya chumba hichohicho, ndiye pekee aliyekunja uso.

"Baba Kibonge, jioni ungetoka ukatembea kidogo."

"Nitembee mara ngapi, mke wangu? Hebu tazama miguu hii!" Akaikanyaga pedali ya cherehani kwa kasi, ikalia trrr. "Tangu asubuhi natembea. Kama si huu ukuta, ningekuwa nimeshafika nchi ya jirani."

Hata mama alicheka. Huo ndio uliokuwa ubaya wa baba: ulianza kumgombeza, ukajikuta unacheka, na mwisho umeshika soda mkononi.

Mwaka ule baba alianza kunywa maji kupita kiasi na kwenda chooni kila mara. Alichoka kabla ya mchana. Uzi nao ukawa hauingii kwenye tundu la sindano mpaka Kibonge amtungie. Kila jambo alilitafutia sababu: kiu ilikuwa ya joto, uchovu ulikuwa wa kazi, na macho, alisema, yalikuwa ya umri.

Jioni moja Kibonge alikuwa akiokota pini sakafuni kwa kipande cha sumaku. Baba alishona akiwa amevua viatu, kama kawaida yake. Kibonge alipofika chini ya cherehani, aliona kitu kinang'aa kwenye soksi ya baba, karibu na kidole gumba. Kilikuwa kichwa cha pini. Pini yenyewe ilikuwa imezama yote mguuni.

"Baba, una pini mguuni!"

"Pini gani?"

Kibonge akaichomoa. Ilitoka na kutu, nao usaha ukaifuata. Baba hakushtuka wala hakusema "aa". Alimtazama binti yake kama mtu anayesubiri kuambiwa habari ya mtu mwingine.

"Hujasikia maumivu?"

"Sijasikia kitu." Baba akajilazimisha kucheka. "Ngozi ya fundi ngumu, mwanangu. Lakini usimwambie mama yako, atatupigia kelele sote wawili. Kesho nitakuagizia chipsi na kuku."

Kibonge akanyamaza. Kesho yake alikula zile chipsi na kuku, zikampita kooni bila ladha. Kidonda kilipoanza kunuka, baba alizidisha manukato, na Kibonge akaendelea kunyamaza. Aliuogopa ule mguu, lakini aliogopa zaidi kumwona baba akigombezwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema mtoto anayemsaidia kuficha hupataje usingizi.

Mama aligundua alipokuta kwenye nguo za kufua soksi iliyoganda damu. Siku hiyohiyo walikwenda hospitali, baba akiwa ameegemea bega la mkewe na Kibonge akiwafuata nyuma.

Daktari alikuwa mama wa makamo, asiye na papara. Aliuvua mguu soksi, akavibonyeza vidole vilivyokuwa vimeanza kuwa vyeusi, akamwuliza baba kama anasikia. Baba akatikisa kichwa. Vipimo viliporudi, daktari aliviweka mezani, akavua miwani.

"Mzee, una kisukari, na si cha jana. Si kila mnene hukipata, wala si kila mwenye nacho ni mnene. Lakini kwako wewe soda, mafuta, unene na kukaa kutwa kwenye kiti vimesaidiana. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Ndiyo maana hukusikia maumivu ya kidonda." Akaitazama suruali ya baba. "Wengi hushtuka wanapoona nguo zinawabana. Zako hazikukubana?"

Baba akautazama ukuta.

"Zitambana vipi, daktari?" mama akajibu, sauti ikimtetemeka. "Fundi ni yeye mwenyewe. Suruali ikianza kubana, anaifumua na kuiongeza kitambaa. Tangu anioe sijamwona na nguo inayombana hata siku moja."

Daktari akageuka, akamtazama Kibonge kuanzia juu hadi chini. Macho yake yakatua kwenye sketi ya sare. Kila ubavu ulikuwa na kipande cha bluu iliyokolea kidogo kuliko bluu nyingine, kimeunganishwa kwa mshono safi kabisa. Kibonge mwenyewe hakujua viliwekwa lini.

"Na huyu pia?" daktari akauliza taratibu.

Baba akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Kibonge hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Naye akapimwa. Sukari yake ilikuwa imepanda kidogo kuliko inavyotakiwa. "Hujaugua bado, binti," daktari alisema. "Lakini umeishika njia ileile ya baba yako. Wewe bado unaweza kugeuka." Kuhusu baba hakusema lolote mpaka watu wazima walipobaki peke yao.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Walipokuwa wakisubiri kwenye ukumbi wa hospitali, Kibonge alimwambia mama ukweli wote, tangu pini mpaka chipsi na kuku. "Mimi ndiye niliyenyamaza, mama. Mimi ndiye niliyemkata mguu."

Mama alimvuta kifuani. "Hukumkata wewe. Ulikuwa mtoto anayemtii baba yake. Lakini siku nyingine ujue, siri inayomwozesha mtu si ya kutunzwa, hata kama mwenyewe anakuomba." Kisha mama naye akalia, wakawa wanafutana machozi kwa ncha ya kanga moja.

Nyumbani mambo yalibadilika, ingawa si kwa furaha. Chipsi na soda zilikoma. Sahani zikajaa mboga za majani, maharage na matunda, na Kibonge alizichukia wiki za mwanzo. Jioni alikwenda kukimbia kiwanjani. Watoto wenzake wakapiga kelele, "Kaeni chonjo, tetemeko la ardhi linapita!" Alirudi akilia, na kesho yake akaenda tena. Pumzi ilimkatika, mbavu zikamchoma, akatembea hadi akaweza kukimbia tena. Alipopimwa baada ya miezi kadhaa, sukari ilikuwa imeshuka hadi mahali pake. Daktari alimpa mkono. Kibonge hakuweza hata kutabasamu.

Angefurahi vipi? Sasa mama ndiye aliyekaa kwenye cherehani. Baba alikata vitambaa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, macho yake yakizidi kufifia, na mizaha yake ilikuwa imekauka. Wateja waliokuja kucheka naye hawakuja tena.

Jioni moja Kibonge alimkuta ameinama, amekamata blanketi pale ambapo mguu ungekuwepo. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Unauma," akasema.

"Nini, baba?"

"Mguu. Kidole gumba."

Kibonge akatazama pale patupu.

"Daktari alinionya kwamba hutokea," baba akasema. "Ulipokuwepo, pini ilizama nisiisikie. Leo haupo, ndipo unauma." Hakucheka, na Kibonge hakungojea acheke. "Sikiliza, mwanangu. Mwili huanza kusema kwa upole. Nguo inabana, pumzi inakatika, kiu haiishi. Wangu kila uliposema niliuziba mdomo, na wako nikauziba pia, nikidhani hayo ndiyo mapenzi. Wewe usiuzibe. Kula kwa kiasi, utumikishe mwili wako, na ukiona jambo baya sema siku hiyohiyo. Mimi nimeshachelewa."

"Leo nikae na wewe, baba?"

"Usikae. Nenda kakimbie."

Kibonge akafunga kamba za viatu mlangoni. Nyuma yake alimsikia baba akiugulia mguu ambao haupo. Akatoka, akaanza kukimbia huku analia.